Philip Ndegwa: Gavana aliyewajengea wenye akiba ndogo ukuta

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mtaa wa Tena, Eastlands jijini Nairobi, yuko mzee mmoja mstaafu, jirani wa mwandishi wa makala haya, ambaye huhifadhi ndani ya mkebe wa bati kijitabu cha akiba kilichofifia wino. Kampuni ya fedha iliyokitoa haipo tena. Ilifunga milango katikati ya miaka ya 1980, na pamoja nayo zikazama pesa alizokuwa akijikusanyia ili anunue ploti.

Mzee huyo hajakitupa. Chama cha mtaa kinapokutana Jumapili alasiri, na vijana wakaanza kubishana ni wapi waweke pesa zao, yeye hukitoa mkebeni na kukipitisha mkono kwa mkono. Hasemi mengi. Kijitabu chenyewe ni hotuba tosha.

Vijana hao wamezaliwa katika enzi ya kutuma pesa kwa simu. Wachache miongoni mwao wamewahi kulisikia jina la mtu aliyekuwa amekalia kiti cha Gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati kijitabu hicho kilipogeuka kuwa karatasi isiyo na thamani. Jina hilo ni Philip Ndegwa.

Aliiongoza Benki Kuu kuanzia Desemba 1982 hadi Januari 1988. Ni katika miaka hiyo ambapo Wakenya walijifunza, tena kwa uchungu, kwamba benki inaweza kufa. Na ni katika miaka hiyo hiyo ambapo sheria iliweka kinga ya kwanza kwa mwenye akiba ndogo, ambayo ingali inatumika hadi leo ikiwa na jina jingine.

Ndegwa wawili

Kabla ya kusimulia maisha yake, ni vyema kutatua tatizo moja ambalo limewachanganya hata wasomi. Benki Kuu ya Kenya iliongozwa na Ndegwa wawili waliofuatana.

Wa kwanza alikuwa Duncan Ndegwa, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa umma chini ya Mzee Jomo Kenyatta kabla ya kuwa gavana wa kwanza Mwafrika mwaka 1967. Alishika usukani kwa miaka 15. Huyo ndiye aliyeongoza ile tume ya 1970 na 1971 kuhusu utumishi wa umma, ambayo ripoti yake iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao binafsi wakiwa bado kazini.

Wa pili ni Philip, aliyetoka Kirinyaga. Naye aliongoza jopo lake, nayo ripoti yake ya mwaka 1982 ikaitwa Ripoti ya Ndegwa. Basi kila anayetaja ripoti hiyo bila kutaja mwaka huwaacha wasikilizaji wake njia panda, kwani ripoti hizo mbili, kama tutakavyoona, zilielekea pande tofauti.

Mwanauchumi wa Makerere

Philip Ndegwa alikuwa wa kizazi cha vijana wa Afrika Mashariki walioingia Makerere wakoloni wangalipo na kutoka wakiwa tayari kuchukua nafasi zao. Alisomea uchumi, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kisha akawa mtafiti na mhadhiri huko huko Makerere.

Mwaka 1965 alichapisha kitabu kuhusu soko la pamoja na maendeleo ya Afrika Mashariki. Swali alilolichunguza lilikuwa zito: je, nchi tatu zinapofanya biashara bila mipaka ya ushuru, faida humwendea nani? Uganda na Tanzania zilikuwa zikilalamika kwamba viwanda vilikuwa vikijengwa Kenya huku zenyewe zikibaki kuwa wanunuzi. Ndegwa alilitazama lalamiko hilo kwa takwimu badala ya hasira.

Lakini historia haikumsubiri. Mwaka huo huo wa 1965 serikali tatu zilitangaza kwamba kila moja ingeanzisha sarafu yake. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwapo tangu 1919, ikaanza kuhesabu siku zake. Mwaka uliofuata, Tanzania, Uganda na Kenya zilifungua benki kuu zao. Ile ya Kenya ilifungua milango Septemba 1966.

Hivyo mtu aliyeanza maisha ya usomi kwa kuchunguza umoja wa nchi hizi alikuja kutumia sehemu kubwa ya umri wake akilea watoto wa talaka yao. Wa kwanza alikuwa Benki Kuu ya Kenya. Wa pili, kama tutakavyosimulia, alikuwa shirika la ndege.

Aliporejea Nairobi alipanda ngazi za serikali kwa haraka. Alikuwa Katibu wa Wizara katika wizara zilizoshughulikia mipango na kilimo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa Katibu wa Hazina ya Kitaifa, wakati Mwai Kibaki, naye mwanauchumi wa Makerere, alipokuwa Waziri wa Fedha. Hicho kilikuwa kipindi cha kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, na nchi changa zisizo na visima zilijifunza ghafla jinsi akiba ya fedha za kigeni inavyoweza kuyeyuka.

Ripoti ya 1982

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Faida za bei nzuri ya kahawa za mwaka 1977 zilikuwa zimekwisha. Serikali ilikuwa imekopa na kutumia kana kwamba bei hiyo ingedumu milele, na mashirika ya umma yalikuwa yameongezeka, mengi yakila badala ya kuzalisha.

Rais Daniel arap Moi aliunda jopo la kuchunguza matumizi ya serikali, na Philip Ndegwa akawa mwenyekiti. Ripoti ilitoka mwaka 1982. Kwa lugha ya kiofisi isiyo na mbwembwe, ilisema kwamba serikali ilikuwa imejitwisha biashara isizoziweza, na ikapendekeza ijiondoe katika baadhi yake. Ilitaka maamuzi ya maendeleo yasogezwe karibu na wananchi, na kutokana na wazo hilo ukazaliwa mpango wa maendeleo kupitia wilaya ulioanza Julai 1983.

Ripoti hiyo haikuwasaza watumishi wa umma. Ilieleza jinsi biashara za binafsi zilivyokuwa zikiwatoa maafisa katika kazi waliyoajiriwa kuifanya. Kwa maneno mengine, Ndegwa wa 1982 alikuwa akihesabu hasara ya mlango uliofunguliwa na ripoti ya Ndegwa wa 1971.

Wino wa ripoti haukuwa umekauka vizuri kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Maduka ya Nairobi yaliporwa, wenye pesa wakaogopa, na wageni wakasita kuleta mitaji. Shilingi ilikuwa imeshushwa thamani mwaka 1981 na ikashushwa tena Desemba 1982. Mfumuko wa bei wa mwaka huo ulikuwa takriban asilimia 20.

Ni katika mwezi huo wa Desemba ambapo Philip Ndegwa aliingia katika jumba la Benki Kuu, Barabara ya Haile Selassie.

Kiti cha moto

Kazi ya gavana ina nyuso mbili. Uso wa kwanza huonekana na kila mtu: ni ule wa noti, bei ya shilingi, riba na mfumuko wa bei. Uso wa pili umejificha: ni kazi ya kuzichungulia benki nyingine, kusoma hesabu zao, na kuuliza maswali ambayo wenyewe wangependa yasiulizwe.

Katika uso wa kwanza, Ndegwa alikuwa na mafanikio yanayohesabika. Badala ya kungoja shilingi ivunjike kisha ishushwe kwa kishindo, Benki Kuu ilianza kuirekebisha kidogo kidogo kulingana na hali ya biashara. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, yalikuwa magumu, na ukame mkali wa 1984 uliilazimisha nchi kununua chakula ng'ambo. Hata hivyo, bei zilitulia, na kufikia 1986 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia tano. Kupanda kwa bei ya kahawa mwaka huo kulisaidia.

Wakenya wa rika la mwandishi huyu watakumbuka pia noti ya shilingi 200 iliyoingia sokoni mwaka 1986. Waliokuwa na bahati ya kuishika waliona saini ya Ndegwa. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi na tuliiona mikononi mwa watu wengine.

Lakini uso wa pili ndio uliompima.

Mlango wa nyuma wa benki

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, benki kubwa nchini zilikuwa za kigeni au za serikali. Kampuni yenye mashamba ya chai ilikaribishwa. Mwenye duka Eastlands aliyetaka mkopo wa kununua matatu, au karani aliyetaka kujenga nyumba ya vyumba vinne katika ploti yake, aliambiwa alete dhamana asiyokuwa nayo.

Pengo hilo lilizibwa na kampuni za fedha za Wakenya wenyewe. Sheria ya Benki iliziruhusu kuanza kwa mtaji mdogo kuliko wa benki za biashara, zikawekewa masharti mepesi zaidi, na zikaweza kutoza na kulipa riba ya juu zaidi. Mwenye akiba aliyeahidiwa riba nono hakuhitaji kushawishiwa mara mbili. Kampuni za namna hii ziliongezeka haraka, na kufikia mwishoni mwa muongo zilikuwa zaidi ya 50.

Si haki kuzilaani zote. Nyingi ziliwafikia watu ambao benki kubwa hazikuwataka. Matatu nyingi zilizoanza safari za mitaa ya Eastlands, na nyumba nyingi za kupangisha zilizojengwa huko, zilitokana na mikopo ya aina hiyo.

Tatizo lilikuwa ndani ya hesabu. Kampuni ilichukua amana ambazo mwenyewe angeweza kuzidai baada ya miezi mitatu, kisha ikazifukia katika majengo ambayo yangelipa baada ya miaka kumi. Mbaya zaidi, baadhi ya wakurugenzi walijikopesha wenyewe na marafiki zao. Amana nyingine kubwa zilitoka kwa mashirika ya umma, na zililetwa au kuondolewa kwa simu moja kutoka kwa mkubwa fulani. Kampuni iliyojengwa juu ya msingi kama huo ilikuwa salama mradi mwenyewe awe katika vitabu vizuri vya wenye nguvu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mkaguzi wa Benki Kuu angeweza kunusa moshi, lakini ufunguo wa mlango haukuwa mkononi mwake. Kwa miaka mingi leseni ya benki ilitolewa na kufutwa na Waziri wa Fedha, Benki Kuu ikiwa mshauri tu. Gavana mwenyewe aliteuliwa na Rais na hakuwa na kinga yoyote ya kikatiba. Kuifunga benki ya mtu mkubwa kulihitaji zaidi ya kalamu na hesabu sahihi.

Ufa wa 1984

Ufa wa kwanza ulionekana mwaka 1984, ilipoanguka Rural Urban Credit Finance. Mwasisi wake alikuwa Andrew Kimani Ngumba, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi na mbunge wa Mathare. Haikuwa kampuni ya watu wa mbali. Jina la mwenyewe lilikuwa likijulikana mitaani, na wengi waliiamini kwa sababu walimwamini yeye.

Benki, hata iliyo imara, haiweki pesa zote sandukuni. Hubakisha sehemu ndogo na kukopesha iliyobaki. Kwa hiyo siku wateja wote wanapofika pamoja kudai chao, hakuna benki duniani inayoweza kuwalipa wote papo hapo. Imani ndiyo nguzo. Habari za kuanguka kwa kampuni moja zilipoenea, mwenye akiba katika kampuni nyingine, pengine isiyo na kosa, alijiuliza kwa nini yeye awe wa mwisho kwenye foleni.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1986 ukuta mzima ulitikisika. Mashirika ya umma yalianza kuondoa amana zao katika taasisi za wazalendo, nazo Continental Bank na kampuni mwenza wake, Continental Credit Finance, zikaanguka. Nyingine zilifuata au zikabaki zikipumua kwa shida. Wako waliosema wakati huo, na wangali wanasema, kwamba siasa ilikuwa na mkono wake: kwamba baadhi ya taasisi zilinyimwa amana kwa sababu ya kabila au msimamo wa wenye mali. Wengine walijibu kwamba kampuni iliyojikopesha yenyewe haihitaji adui ili ife. Anayezisoma hesabu za enzi ile bila upendeleo atakiri kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli.

Kwa mwenye kijitabu cha akiba, mjadala huo ulikuwa wa wakubwa. Yeye alisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa mnyororo, akasoma tangazo, akarudi nyumbani kwa miguu.

Ukuta wa 1985

Kati ya ufa wa 1984 na mtikisiko wa 1986 lilifanyika jambo ambalo ndilo urithi mkubwa wa enzi ya Ndegwa. Sheria ya Benki ilirekebishwa mwaka 1985. Kiwango cha chini cha mtaji kiliongezwa ili asiweze kila mwenye ofisi na meza kuwa na kampuni ya fedha. Na kwa mara ya kwanza nchini, ilianzishwa Hazina ya Kulinda Amana, ambayo ilianza kazi mwaka 1986.

Wazo lake ni rahisi. Kila benki na kampuni ya fedha inachangia katika kapu moja kulingana na amana ilizo nazo. Ikianguka moja, kapu hilo humlipa mwenye akiba hadi kikomo kilichowekwa, bila kungoja miaka ya kesi na kuuzwa kwa mali. Bodi ya hazina hiyo iliongozwa na Gavana wa Benki Kuu.

Kinga hiyo haikutungwa kwa ajili ya tajiri. Tajiri huwa na wakili, na mara nyingi huwa na rafiki wa kumnong'oneza habari kabla ya siku ya maafa. Ilitungwa kwa ajili ya mwalimu, mwuza mboga na karani, watu ambao hawawezi kusoma mizania ya benki na hawapaswi kulazimika kuisoma. Marekani ilikuwa na mpango wa aina hiyo tangu miaka ya 1930, baada ya maelfu ya benki zake kuanguka. Barani Afrika, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mapema kuujaribu.

Je, ukuta huo ulichelewa? Ulichelewa. Jirani yetu wa Tena ni shahidi. Waliopoteza kabla ya hazina kuanza kazi hawakuwa na kapu la kukimbilia, na taasisi zilizoyumba baadaye zilikuwa nyingi kuliko nguvu za hazina changa. Ilibidi serikali iunganishe tisa kati ya taasisi hizo dhaifu mwaka 1989 na kuunda Consolidated Bank, ambayo ilizichukua amana zao. Wakati huo Ndegwa alikuwa amekwisha kuondoka, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na Eric Kotut mwaka 1988. Sheria mpya ya Benki, iliyokaza masharti zaidi, ilipitishwa pia mwaka 1989.

Pande mbili za kaunta

Maisha ya mtu yanayosimuliwa kwa sifa tupu hayamfai msomaji. Lipo swali ambalo Philip Ndegwa hakuliepuka kikamilifu katika uhai wake, na mwandishi wa habari zake hapaswi kulikwepa baada ya kifo chake.

Alikuwa mtumishi wa umma, lakini pia alikuwa mwekezaji. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa waasisi wa First Chartered Securities, kampuni ya uwekezaji ambayo ilinunua hisa katika biashara zilizokuwa za kigeni, zikiwemo za bima. Baadaye kampuni hiyo ikawa mwenye hisa mkubwa katika benki ya NIC, iliyoungana na CBA mwaka 2019 kuunda NCBA. Familia yake imebaki miongoni mwa majina makubwa ya sekta ya fedha.

Kisheria hakukuwa na kosa. Ripoti ya 1971 ilikuwa imeruhusu. Wala hoja ya waasisi haikuwa dhaifu: ikiwa Wakenya wenye elimu na mishahara hawangenunua kampuni za wakoloni, nani angezinunua? Lakini ripoti yake mwenyewe ya 1982 ilikuwa imeonya juu ya hatari ya afisa kuwa na biashara yake. Alijua kwa akili za mwanauchumi kwamba mwamuzi akiwa na timu uwanjani, hata akipuliza filimbi kwa haki, mashabiki watanung'unika.

Huo haukuwa udhaifu wake peke yake. Ulikuwa utaratibu wa kizazi chake chote. Tofauti ni kwamba yeye aliandika onyo hilo kwa mkono wa serikali, na nchi ikachukua miongo mingi kabla ya kuanza kulifanyia kazi.

Mtoto wa pili wa talaka

Mwaka 1991 serikali ilimwita tena. Kenya Airways, iliyoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki, ilikuwa ikizama katika madeni. Ndege zilichelewa, wafanyakazi walikuwa wengi kupita kiasi, na Hazina ilikuwa ikilipa hasara kila mwaka. Ndegwa aliteuliwa kuwa mwenyekiti mwenye mamlaka ya utendaji, kwa kazi ya kuligeuza shirika hilo kuwa la kibiashara na kuliandaa kuuzwa.

Alifanya kile ambacho ripoti yake ilikuwa imependekeza miaka tisa kabla. Uongozi wa kitaaluma uliletwa, Brian Davies akawa mkurugenzi mkuu mwaka 1992, safari zisizo na faida zikakatwa, na idadi ya wafanyakazi ikapunguzwa. Wengi walioachishwa kazi hawakumsifu, na wana haki yao. Lakini kufikia katikati ya muongo huo shirika lilikuwa likipata faida.

Shirika la ndege la KLM la Uholanzi lilinunua asilimia 26 ya hisa. Kisha mwaka 1996 hisa nyingine ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.25 kila moja, serikali ikabakiza asilimia 23. Wakenya wa kawaida, wakiwemo walimu na wafanyabiashara wadogo, walipanga foleni kununua. Ilikuwa foleni ya aina tofauti na zile za 1986.

Philip Ndegwa hakuifurahia siku hiyo. Alifariki mwaka huo huo wa 1996.

Yaliyofuata

Thamani ya mlinzi huonekana siku analala. Miaka michache baada ya Ndegwa kuondoka Benki Kuu, taasisi hiyo iliingizwa katika kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya fedha za umma yalilipwa kwa madai ya uuzaji wa dhahabu na almasi ng'ambo. Uchaguzi wa 1992 ukapita, pesa zikafurika sokoni, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika takriban asilimia 46. Micah Cheserem alipoteuliwa gavana mwaka huo, alikuta nyumba inayovuja kila upande.

Kuanzia hapo mafunzo ya miaka ya 1980 yalianza kuandikwa katika sheria, moja baada ya jingine. Benki Kuu ilipewa uhuru zaidi kwa marekebisho ya 1996. Mamlaka ya kutoa leseni hatimaye yaliondoka mikononi mwa waziri yakaenda kwa Benki Kuu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ikasema wazi kwamba Benki Kuu haitapokea maagizo ya mtu yeyote katika kutekeleza kazi yake. Ile Hazina ya Kulinda Amana ikageuzwa mwaka 2014 kuwa Shirika la Bima ya Amana Kenya, KDIC. Kikomo cha fidia, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 100,000, kikapandishwa mwaka 2020 hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki.

Bado benki hazijaacha kuanguka. Mwaka 1998 zilianguka kadhaa kwa mpigo. Mwaka 2015 zikafuata Dubai Bank na Imperial Bank, na Aprili 2016 Chase Bank. Sababu zilifanana na zile za zamani: mikopo kwa wenyewe na hesabu zilizofichwa. Lakini safari hii mwenye akiba ndogo alikuwa na pa kuanzia. Mamilioni ya tajiri yalikwama katika kesi, ilhali wenye kiasi kidogo walikuwa wa kwanza kulipwa.

Hapo ndipo mahali pa kumpimia gavana wa mwaka 1982. Hakuzizuia benki kuanguka. Hakuwa na ufunguo wa kuzifunga mapema, na pengine hakuwa na nguvu za kisiasa za kuudai. Yeye mwenyewe alisimama pande mbili za kaunta. Lakini katika enzi ambapo benki iliishi kwa kujuana na ikafa kwa kukosana na wakubwa, kinga ilianzishwa ambayo haiulizi mwenye amana anamjua nani. Inauliza tu kama jina lake limo kitabuni.

Jumapili iliyopita pale Tena, chama kilihesabu kapu lake na kukuta limepita nusu milioni. Mzee alikitoa kijitabu chake mkebeni kama kawaida. Mwekahazina, binti wa miaka 30 hivi, alieleza kwamba pesa zote zikikaa katika benki moja, sehemu iliyozidi kikomo haitakuwa na bima, na kwamba bima hiyo haivifikii vyama wala Sacco, bali huzilinda amana zilizo katika benki na taasisi ndogo za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Wanachama wakapiga kura kuzigawa pesa hizo katika benki mbili.

Hakuna aliyelitaja jina la Philip Ndegwa. Mzee alikipokea kijitabu chake, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakirudisha mkebeni na kuufunga mfuniko.